Mpira wa mkononi mwa mama umeanza kuziba tena

Shikamoo Mama,

Mimi ni kifungua mimba katika nyumba ya watoto watano, twakaa Likoni. Mamangu ana miaka 61. Sukari ilimwanza zamani, presha ikafuata, na mwaka juzi mafigo yakashindwa. Tangu hapo twavuka feri Jumanne na Ijumaa kwenda kusafishwa damu, na mimi ndiye ninayempeleka.

Mwanzo alitiwa mpira shingoni. Baadaye daktari akasema mishipa yake ya mkono ni myembamba mno, haiwezi kuunganishwa yenyewe kwa yenyewe, basi akamtia mpira wa plastiki chini ya ngozi, mkono wa kushoto juu ya kiwiko. Tulifurahi. Ule wa shingoni ukatolewa, mama akaweza kuoga na kujimwagia maji kama watu. Usiku nilikuwa nikimwekea kiganja pale mkononi, nasikia mtetemo kama wa cherehani ya jirani inayosikika kupitia ukutani.

Baada ya miezi 7 mkono ukavimba na mashine ikawa yalia kila mara. Akapigwa picha, tukaambiwa pale plastiki inapokutana na mshipa pameota kovu kwa ndani, njia imekuwa nyembamba. Wakampanua kwa puto. Miezi 5 haijatimia, hali yarudi ile ile. Ijumaa iliyopita tulikuwa tushafika ferini, sindano zimetolewa kitambo, damu ikaanza upya ikalowesha mkono mzima wa buibui. Nilimbana kwa leso mpaka ng'ambo. Na ile cherehani siisikii tena. Nikiweka kiganja wadunda tu, du, du, du.

Nyumbani kila mtu ana lake. Ami asema daktari wa kwanza aliharibu kazi, na kwamba tumrudishie mpira wa shingoni tupumzike. Khalati asema ni hasadi ya watu, na ataka mama apigwe hijama pale pale mkononi itoke damu chafu. Ndugu yangu aliyeko Doha ndiye anayetuma pesa, naye auliza kwa nini alipie kitu ambacho kitaziba tena. Jirani yetu alitiwa stenti ya moyo, kile kibomba cha wavu kinachoushikilia mshipa uwe wazi, na yeye akaambiwa imeota kovu ndani, sasa watu wasema vyuma na plastiki za hospitali zote ni namna moja, zaoza mwilini.

Kilichonifanya niandike ni mama mwenyewe. Mama hupika mahamri ya kuuza, ndiyo yaliyotusomesha. Juzi alfajiri nilimkuta jikoni analia juu ya sinia la unga. Asema amejiharibu mwenyewe kwa kukanda, na kwamba hataki kuchomwa tena, amechoka. Nimwambie nini? Ni kosa la nani?

Kifungua Mimba, Likoni

Marahaba mwanangu.

Barua yako sikuiacha ingoje zamu. Nilikupigia siku ile ile nikakwambia mkono unaodunda badala ya kutetema haungoji Ijumaa, na nashukuru mlikwenda na mama ameandikiwa picha ya mishipa. Sasa tuzungumze. Nimefanya uuguzi miaka mingi, mingine kati ya hiyo kando ya mashine za kusafisha damu, na swali lako nimeulizwa na watoto wengi waliokaa kwenye benchi wakiwashikia wazazi wao mikoba.

Naanza na unga. Kukanda unga hakukuotesha lile kovu. Wagonjwa waliounganishwa mishipa yao wenyewe mkononi huambiwa na madaktari wafanye zoezi la kuminya mpira mdogo ili mshipa upate nguvu. Mkono wa mama ulishapona, misuli yake kufanya kazi hakuudhuru ule mpira, ambao madaktari wanauita grafti. Kinachouumiza ni kubanwa: kikapu kuning'inizwa kwenye kiwiko, bangili au mkono wa nguo unaokaza, kuulalia usiku kucha, kupimwa presha upande ule. Mwambie hayo leo kabla hujamaliza kusoma barua hii. Mengine yatangoja.

Kovu lenyewe lilitoka wapi? Damu ina njia mbili. Ateri huitoa kwenye moyo kwa kishindo, na ukuta wake ni mnene kwa sababu hiyo. Vena huirudisha pole pole, na ukuta wake ni mwembamba, haukuumbwa kwa vishindo. Grafti ya mama inachukua damu ya ateri na kuimwaga kwenye vena moja kwa moja, mchana na usiku. Mashine inaitaka damu hiyo ya kasi, bila ya kasi haisafishi. Lakini vena inapigwa. Pale plastiki inapoishia na vena inapoanzia, damu hugeuka kizunguzungu, na ule utando laini wa ndani ya mshipa huchubuka. Chembe sahani, zile chembe za damu zinazoigandisha, hunata kwenye mchubuko na kupiga mbiu. Seli za misuli zilizokuwa zimetulia katikati ya ukuta wa mshipa huamka, huzaana, husogea kwenda ndani, na huko humwaga nyuzi za kovu. Wakati wote huo mwili unaamini unatibu jeraha. Kidonda cha mguuni kikishatibiwa huwa kimekwisha, lakini pale kwenye kiungo jeraha halikomi, kwa hiyo na kuziba nako hakukomi. Nyama hiyo huwa ngumu, nyeupe, yenye kunyumbuka kama mpira, na huota kuelekea katikati ya njia mpaka ibaki tundu dogo.

Kwa hiyo plastiki haikuoza. Ile ni ya jamii moja na Teflon ya vikaango, na madaktari wamekuwa wakitengenezea mishipa kwayo tangu miaka ya 1970. Waliichagua hasa kwa kuwa mwili hauwezi kuila. Kinachobadilika ni mwili unaoizunguka.

Ami anasema daktari aliharibu. Siwezi kumhukumu mtu nisiyemwona kazi yake, ila najua kwamba hata katika mikono bora duniani kovu hili hurudi, na hurudi upesi. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofuatilia wagonjwa 190 wenye tatizo hili hili, grafti imebana pale inapoingia kwenye vena. Waliopanuliwa kwa puto peke yake, baada ya miezi 6 ni 23 tu katika kila 100 ambao mahali pale palikuwa bado pazuri. Waliopanuliwa kisha wakawekewa stenti iliyovikwa plastiki kama ile ya grafti, walikuwa 51 katika 100. Soma tena hesabu hiyo, mwanangu. Miezi 5 ya mama si aibu ya mtu yeyote. Na msomee ndugu yako wa Doha, kwa sababu yeye anadhani alilipia kitu kikaharibika. Alilipia miezi 5 ambayo mama alisafishwa damu kwa mkono wake bila mpira shingoni. Grafti ni chombo cha baharini, kila baada ya muda lazima kipandishwe pwani kikwanguliwe na kutiwa kalafati. Hakuna nahodha anayeuliza kwa nini.

Kuhusu jirani mwenye stenti ya moyo, ndiyo, ni jambo la ukoo mmoja, na historia yake inanipa matumaini kila nikiikumbuka. Mshipa wa moyo ulipanuliwa kwa puto mara ya kwanza Zürich, Uswisi, mwaka 1977, na aliyefanya ni Andreas Grüntzig. Baadhi ya mishipa ikarudi kubana. Mwaka 1986 zikawekwa stenti za kwanza za wavu wa chuma, Ufaransa na Uswisi, ili kuushikilia mshipa usijifunge. Chuma kikashika kweli, lakini kovu likapenya katikati ya wavu, na kati ya wagonjwa 100 kama 20 hadi 30 wakabana tena. Ndipo stenti zikapakwa dawa inayotoka kidogo kidogo na kuzizuia zile seli zisizaane. Dawa ya kwanza iliyofaulu, sirolimasi, ilitokana na kijidudu cha udongo uliochukuliwa mwaka 1964 kwenye kisiwa cha Rapa Nui, katikati ya bahari ya Pasifiki. Stenti hizo zilianza kuenea duniani tangu 2002 na 2003, na waliobana tena wakashuka chini ya 10 katika 100. Hivyo jirani asikate tamaa, kovu ndani ya stenti lina tiba. Ila asichanganye mambo mawili. Kovu huota kwa miezi. Kuganda kwa damu ndani ya stenti kunaweza kutokea ghafla na kuua, na kinachozuia hilo ni vile vidonge alivyopewa, aspirini na klopidogreli. Asiviache hata siku moja bila ya daktari kumwambia, na Ramadhani ikifika amuulize daktari namna ya kuvihamishia wakati wa futari au daku.

Sasa shingo. Hapa nakuomba unisikilize sana, kwa sababu ushauri wa Ami unatolewa kwa huruma na ndio wa hatari zaidi nyumbani kwenu baada ya ule wa hijama. Anadhani akiuhama mkono amelihama kovu. Mpira wa shingoni nao huvikwa. Mwili huuzungushia ala ya utando, kama ala ya jambia, mpaka ncha yake inazibwa na damu haivutiki. Mbaya zaidi, ukisuguana muda mrefu na ukuta wa vena kubwa ya kifuani, kovu huota huko. Vena ile ikibana, mkono mzima wa upande huo unaweza kukosa faida kwa grafti yoyote ya baadaye, uso na mkono huvimba, na kuipanua ni kazi ngumu kuliko hii ya sasa. Juu ya hayo, mpira wa shingoni ni mlango ulio wazi baina ya ngozi na moyo. Wadudu wakipita hapo wanaingia kwenye damu moja kwa moja. Nimewaona wagonjwa walioingia wodini na homa ya kutetemeka, na nikiwauliza ilianzaje wanagusa shingo. Ukihitajika kwa wiki chache wakati mkono unatengenezwa, sawa. Kukimbilia huko kwa kuchoka, hapana.

Kwa Khalati nenda kwa adabu, maana anampenda dadake. Duwa mwambie azidishe, na kisomo akitaka kisomwe. Lakini wembe na kikombe cha hijama visikaribie mkono ule. Mama hutiwa heparini kwenye mashine ili damu isigande, kwa hiyo chale ndogo inaweza kutoka damu nyingi. Mafigo yaliyoshindwa hayasaidii tena kutengeneza damu, basi hana ya kupunguza. Na grafti ikiingiwa na wadudu, dawa peke yake aghalabu haitoshi, plastiki yote au sehemu yake hukatwa ikatolewa. Hapo mtakuwa mmepoteza mkono kwa ajili ya kovu ambalo puto lingelipanua kwa muda wa saa moja. Kuukanda kwa mafuta ya moto nako kusifanywe, hasa ikiwa damu imeganda ndani.

Narudi kwenye barua yako, kwa sababu mna sentensi mbili ndani yake ambazo zina thamani kuliko vipimo vingi. Ya kwanza ni ya cherehani. Grafti nzima hutetema chini ya kiganja kwa sababu damu inapita kwa kasi bila kukoma. Njia ya kutokea ikibana, damu hugonga ukuta na kurudi, basi badala ya mtetemo unasikia dundo. Ulilisikia bila kufundishwa na mtu. Ya pili ni ya ferini. Damu ya sindano kwa kawaida hukoma ndani ya dakika 10 hadi 20 za kubana. Ikizidi 20 mara kwa mara, au ikikoma na kuanza tena, maana yake presha imejaa nyuma ya pale palipobana, nayo inatafuta pa kutokea. Uvimbe wa mkono ndio huo huo. Kelele za mashine ndizo hizo hizo: waulize wauguzi wakuandikie namba ya presha ya vena kila kipindi, damu ikivutwa kwa kasi ile ile, na ukiona inapanda Jumanne, Ijumaa, Jumanne, usingoje mkono ujae. Wenye kipimo cha mwendo wa damu huanza kuwa na wasiwasi ukishuka chini ya mililita 600 kwa dakika.

Kwa hiyo kila asubuhi baada ya sala, na kila usiku, mama aweke kiganja chake mwenyewe. Wewe uwe wa pili. Mtetemo ukipotea kabisa, mkono umekaa kimya, hiyo ni damu iliyoganda, na ni safari ya siku hiyo hiyo hata kama ni Jumapili, kwa sababu bonge la damu likiwa bichi hutoka kwa urahisi kuliko likishakauka. Na damu ikianza tena ferini, usiufunge mkono kwa leso kuuzunguka. Weka kitambaa kidogo kisafi juu ya tundu lenyewe, ubane kwa vidole viwili kwa nguvu bila kuchungulia, mkono uwe juu. Isipokoma, mkishuka ng'ambo rudini hospitali, msiende nyumbani.

Mama amechoka, na hilo silichukulii wepesi. Watu husema mgonjwa haulizwi uji. Mimi kwenye hili nasema aulizwe. Muulize peke yake, bila Ami, bila Khalati, bila simu ya Doha, anachochoka nacho ni kipi hasa. Pengine ni sindano ya ganzi iliyomuuma mara ya kwanza, na hiyo daktari akiambiwa mapema anaweza kuifanya polepole na kutia ya kutosha. Pengine ni feri. Pengine ni aibu ya kuona pesa za mwanawe zinakwisha juu yake, na ndiyo maana alitafuta kosa akajibebesha. Mweleze kwamba puto halipasui mkono upya: ni tundu la sindano, waya mwembamba, puto linajazwa pale palipobana na kutolewa, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Akishajua haya yote akakataa, mwili ni wake. Lakini asikatae kwa kuamini alijiharibu.

Siku ya picha, muulize daktari kama kovu liko pale pale lilipokuwa au limeota mahali pengine. Likiwa pale pale na limerudi kwa miezi 5, uliza habari ya stenti iliyovikwa, au puto lililopakwa dawa, au fundi wa mishipa kuipitisha grafti kando ya palipobana na kuiunganisha juu zaidi. Uliza pia kama vena za kifuani zilipigwa picha, maana alishawahi kukaa na mpira shingoni. Na kabla ya tarehe hiyo pita ofisini ujue SHA, ile bima ya afya ya serikali, italipia kipi na kipi kitabaki juu yenu, ili Doha apewe hesabu moja iliyokamilika badala ya kuombwa vipande vipande. Wauguzi wa mashine nao wakumbushe wabadilishe mahali pa kuchoma sindano, wasitoboe tundu lile lile kila safari, kwani plastiki nayo huchakaa.

Mahamri akande. Unga mkubwa umsaidie kuuinua kutoka chini, na sufuria la mafuta libebwe na mwingine. Mbaazi za nazi auze, ila yeye mwenyewe aonje tu, na madafu asiyaguse hata jua likiwa kali vipi, kwa ajili ya madini ya potasiamu yanayomjaa baina ya mashine na mashine. Nipigie jioni ya siku ya picha unieleze cherehani inavyosikika.